Kubeba Petroli ya Akiba kwenye Pikipiki: Mwongozo wa Safari Ndefu Nchini Uganda

Katika barabara kuu za Uganda, kama ile ya kutoka Kampala kwenda Mbarara au ile ya Gulu, mwenye pikipiki hana haja ya kubeba hata nusu lita ya petroli nje ya tangi lake, kwa sababu vituo vya mafuta, ambavyo wengi wetu huviita sheli, hufuatana kwa karibu. Mambo hubadilika ukishaiacha lami ya miji mikubwa na kuelekea Karamoja, pembezoni mwa West Nile au visiwa vya Ssese, ambako mji mzima unaweza kutegemea sheli mbili au tatu, na lori la mafuta likichelewa zote zikakauka siku moja. Mafuta yetu mengi hupitia Mombasa, na njia hiyo ikiziba tunaona mara moja: Januari 2022, malori yalipokwama katika foleni za Malaba na Busia kwa sababu ya upimaji wa UVIKO-19, petroli iliadimika hata mijini, na sehemu kadhaa za nchi lita moja iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 10,000.

Mwongozo huu ni kwa msafiri anayejua kwamba kuna kipande cha njia ambacho tangi lake halitakimaliza. Nasema kipande kwa makusudi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kujaza dumu Kampala na kulifunga kwenye keria, kisha kusafiri nalo kilomita 400 za lami akipita sheli moja baada ya nyingine, ilhali petroli hiyo ataihitaji siku ya pili tu, kati ya Kotido na Kaabong. Amebeba hatari siku nzima bila faida yoyote.

Hatua ya kwanza: piga hesabu kabla ya kutafuta dumu

Jaza tangi hadi alama unayoweza kuikumbuka, andika kilomita zinazoonekana kwenye mita, endesha kilomita 150 hivi, kisha jaza tena hadi alama ileile na ugawanye kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Fanya hivyo mara mbili: mara moja kwenye lami ukiwa peke yako, na mara nyingine kwenye barabara mbovu ukiwa na mzigo wote unaokusudia kusafiri nao. Majibu mawili hayo hutofautiana kuliko watu wanavyodhani. Pikipiki yangu yenye injini ya sentimita za ujazo 150 hunipa kilomita 45 kwa lita kwenye lami nikiwa mpole na mkono wa mafuta, lakini kwenye udongo wa Karamoja baada ya mvua, nikiwa nimebeba hema na vipuri, hushuka hadi 30. Atakayepanga safari kwa hesabu ya lami ataisukuma pikipiki yake kwa miguu.

Umbali nao uongezewe robo, kwa ajili ya kupotea njia, kuzunguka daraja lililochukuliwa na maji, au kurudi nyuma kumfuata mwenzako. Tuchukue mfano wa Moroto hadi Kaabong kupitia Kotido, yapata kilomita 170. Ukiongeza robo unapata kilomita 213 hivi, na kwa kilomita 30 kwa lita utahitaji lita 7.1. Tangi la lita 11 linatosha kabisa, wala huna sababu ya kubeba dumu. Lakini ikiwa umeambiwa kwamba Kotido na Kaabong zote hazina mafuta wiki hiyo, unapaswa kuhesabu kwenda na kurudi: kilomita 340, pamoja na robo zinafika 425, nazo zinataka lita 14.2. Hapo unapungukiwa na lita 3 na ushei, kwa hiyo dumu moja la lita 5 linakufaa. Mwenye pikipiki ya milimani yenye tangi dogo, kwa mfano Honda CRF250L za awali ambazo tangi lao halifiki lita 8, atakuwa katika hali tofauti kabisa hata kama anasafiri kando yako, na ni vizuri kila mmoja apige hesabu yake badala ya kumfuata mwenye tangi kubwa.

Riseva isikudanganye. Swichi ile iliyo chini ya tangi haifungui tangi la pili. Inaruhusu tu mafuta ya chini ya tangi lilelile yashuke, na lita hizo tayari zimo katika ile 11 uliyoihesabu. Nimekutana na watu wanaozihesabu mara mbili.

Kabla ya kuamua, piga simu. Mwenye loji unakokwenda kulala, fundi wa pikipiki wa mji huo au mtu yeyote unayemjua huko anaweza kukuambia kwa nusu dakika kama sheli zina mafuta. Kupunguza mwendo nako kunasaidia: ukishuka kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 60 utaona tofauti, kwa sababu upepo unaokukinza huongezeka kwa kasi kuliko mwendo wenyewe. Mara nyingi simu moja na mkono mpole vimeniondolea haja ya dumu.

Jinsi petroli inavyowaka

Hapa sina budi kusimama kidogo, kwa kuwa maelekezo yote yanayofuata yanatokana na jambo hili. Kinachowaka ni mvuke wa petroli, wala si petroli yenyewe ikiwa katika hali ya maji. Mvuke huo hutoka hata kwenye baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika jua la Moroto. Ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4, kwa hiyo haupandi na kutawanyika kama moshi. Hushuka na kutambaa chini, huingia mitaroni na mabondeni, na unaweza kulifikia jiko la mkaa lililo mita kadhaa kutoka ulipo. Tena, ili uwake, mvuke unapaswa kuwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa: ukipungua hapo hauwaki, na ukizidi sana hauwaki pia. Shika hiyo asilimia ya juu, maana itatufaa tutakapofika kwenye dumu tupu.

Hatua ya pili: chagua chombo

Hakuna mahali ambapo mazoea yetu yametuharibu kuliko hapa. Dumu la njano la mafuta ya kupikia, ambalo kila nyumba Uganda inalo kwa kuchotea maji, ni chombo kizuri sana kwa kazi hiyo, lakini halikutengenezwa kwa ajili ya petroli. Kifuniko chake hakina mpira wa kuzuia mvuke, na ndiyo maana watu hutandika kipande cha kavera, yaani mfuko wa plastiki, mdomoni kabla ya kukifunga. Petroli hulainisha na kuvimbisha kavera, nayo baada ya saa chache za mtikisiko huanza kupitisha mafuta bila wewe kujua. Chupa za maji ya kunywa ni mbaya zaidi: ukuta wake ni mwembamba, huvimba juani, na mtoto akiiona imewekwa pembeni ataidhania ni kinywaji. Anayeuza petroli ya chupa kando ya barabara ana sababu zake, na kuna siku utanunua kwake kwa kukosa namna. Imimine kwenye tangi papo hapo, mrudishie chupa yake, uondoke.

Neno jerikani, ambalo huku kwetu limefunika kila chombo cha plastiki chenye mkono, lilianza na chombo cha chuma cha lita 20 kilichobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930. Askari wa Uingereza walikinakili vitani na kukiita kwa jina la utani walilowapa Wajerumani, Jerry. Ilikuwa kazi nzuri ya kihandisi, yenye mikono mitatu, kifuniko cha kubana na nafasi ya hewa ndani, na hadi leo madumu ya chuma ya umbo hilo ni miongoni mwa yanayoaminika zaidi. Tatizo ni ukubwa. Lita 20 za petroli zina uzito wa karibu kilo 15 kabla ya kuhesabu chuma chenyewe, na pikipiki haihitaji mzigo huo.

Tafuta dumu la lita 5, au mawili ya lita 2 au 3, lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya gari, liwe la chuma au la plastiki nene. Plastiki ina faida kwamba haipati kutu na haibaki na kibonyo ikigongwa. Chuma kina faida kwamba hakipitishi mvuke kabisa na hupeleka umeme ardhini kwa urahisi. Mimi hupenda vyombo viwili vidogo kuliko kimoja kikubwa, kwa sababu kimoja kikivuja sipotezi vyote, na kwa sababu naweza kuugawa uzito pande mbili za pikipiki. Kagua mpira ulio ndani ya kifuniko. Ukichakaa, nunua mwingine unaostahimili petroli, wala usikate kipande cha tyubu ya tairi, kwani mpira wa tyubu huvimba na kulegea ukikaa ndani ya petroli.

Jaribu dumu nyumbani kabla ya safari. Lijaze maji, lifunge, lilaze ubavu juu ya karatasi kavu usiku kucha, na asubuhi itazame karatasi. Likifaulu, limwage na ulikaushe juani siku nzima likiwa wazi, maana tone la maji likiingia kwenye kabureta litakusimamisha njiani kama vile umekosa mafuta. Kisha lipake alama nyekundu na uandike PETROLI pande zote mbili, na tangu siku hiyo lisitumike tena kwa maji, mafuta ya taa wala kitu kingine chochote.

Hatua ya tatu: nunua mahali pa mwisho penye uhakika

Jaza dumu katika sheli ya mwisho unayoiamini kabla ya kile kipande kigumu. Kwa anayekwenda kaskazini mwa Karamoja kupitia mashariki, hiyo kwa kawaida ni Moroto. Chagua kituo chenye magari mengi, kwani mafuta yake hayakai muda mrefu kwenye matangi ya chini ya ardhi. Vituo vingine hukataa kujaza vyombo, hasa wakati wa uhaba, na mhudumu akikukatalia usimbembeleze. Ukimwonyesha dumu lililotengenezwa kwa mafuta badala ya lile la njano, mara nyingi mazungumzo huwa mafupi. Chukua risiti. Sheria ya Ugavi wa Petroli ya mwaka 2003 inataka leseni kwa anayefanya biashara ya mafuta, na karibu na mipaka, ambako petroli ya magendo hupita kwa madumu, risiti ya lita 5 humfanya trafiki aelewe haraka kwamba wewe ni msafiri tu.

Zima injini, mwombe abiria wako ashuke na asogee, na uliondoe dumu kwenye pikipiki uliweke chini, juu ya saruji au ardhi. Usikubali lijazwe likiwa limefungwa kwenye keria au limepakatwa. Petroli inapotiririka huzalisha umeme tuli, ule ule unaokuchoma kidogo unapovua sweta la nailoni, na dumu lililoinuliwa juu ya mpira au mfuko wa nailoni halina njia ya kuupeleka umeme huo ardhini. Cheche moja ndogo inatosha. Kwa hiyo gusa kwanza chuma cha pampu kwa mkono mtupu, mwombe mhudumu augusishe mdomo wa bomba kwenye shingo ya dumu na usiachane nayo hadi mwisho, na petroli iingie polepole.

Usijaze hadi juu. Katika dumu la lita 5 tia lita 4.5 tu. Petroli hutanuka kwa karibu asilimia 1 kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, kwa hiyo dumu lililojazwa asubuhi ya baridi na kupigwa na jua la saa nane linahitaji nafasi hiyo, na zaidi ya kimiminika chenyewe kuna mvuke unaosukuma kila upande. Wanaopanda milima wataliona jambo hili hata bila jua: ukitoka Mbale kwenda Kapchorwa, au ukipanda kutoka Kabale kwenda Kisoro, hewa ya nje hupungua shinikizo na dumu huvimba mbavu. Litakapovimba, simama mahali peupe mbali na moto, injini ikiwa imepoa, ulifungue taratibu lipumue, ulifunge tena.

Hatua ya nne: mahali pa kuliweka

Lita 4.5 za petroli zina uzito wa kilo 3.3 hivi. Si mzigo mzito, lakini mahali unapouweka ndipo panapoamua kama utaanguka nao, na ukianguka, kama utapasuka. Mahali pazuri ni chini na katikati, ubavuni mwa pikipiki, mbele ya ekseli ya nyuma, upande usio na bomba la moshi. Ukiwa na madumu mawili, moja liwe kulia na jingine kushoto, lakini lile la upande wa bomba la moshi liwe juu zaidi na mbele, na kati yake na bomba kuwe na bati la kukinga joto. Weka mkono wako hapo baada ya kuendesha nusu saa. Ikiwa mkono hauvumilii joto, na dumu lisiwepo.

Mahali panapopendwa na wengi ni nyuma kabisa, juu ya keria, na hapo ndipo panapostahili kuepukwa. Uzito uliowekwa nyuma ya ekseli huinua gurudumu la mbele na kufanya usukani uyumbe kwenye mchanga, na gari likikugonga kwa nyuma kitu cha kwanza kupasuka ni dumu. Vijana wa bodaboda wengi hulipakata dumu kati ya mapaja juu ya tangi. Katika mwendo wa mtaa mmoja huenda wakasamehewa, lakini mafuta yakimwagika hapo yanashuka moja kwa moja kwenye injini ya moto, nayo nguo za mwendeshaji ndizo zinazoloa kwanza. Begi la mgongoni lisifikiriwe hata kidogo, kwani petroli inayovuja juu ya mgongo huchoma ngozi hata bila moto, na ukianguka utalilalia.

Funga dumu kwa mikanda miwili isiyovutika, ile ya kukaza inayotumiwa na wenye malori ikiwa katika umbo dogo, mmoja ukipita wima na mwingine kwa upana, ili mkanda mmoja ukilegea wa pili ushike. Vipande vya tyubu tunavyofungia mizigo ni vizuri kwa mikungu ya ndizi, lakini kwa petroli havifai: huvutika, huruhusu dumu kucheza, na mafuta yakivigusa hulainika. Kati ya dumu na chuma cha pikipiki weka kipande cha turubai nene, kwa sababu msuguano wa kilomita 100 za changarawe unaweza kutoboa plastiki kama msumeno mdogo. Kifuniko kiangalie juu daima, na chombo kisiwe ndani ya begi lililofungwa pamoja na chakula, nguo, betri au jiko.

Hatua ya tano: njiani

Simama baada ya kilomita 20 za kwanza ukague mikanda, kwa kuwa mzigo wowote hukaa vizuri baada ya mtikisiko na mikanda hulegea. Baada ya hapo kagua kila unaposimama, kwa macho, kwa mkono na kwa pua. Pua hasa, ingawa ina udhaifu wake: ukikaa na harufu ya petroli muda mrefu huacha kuisikia. Hilo lilinifika karibu na Namalu miaka kadhaa iliyopita. Kifuniko kililegea kwenye matuta madogo yanayofuatana barabarani, petroli ikaloanisha begi la nguo, nami niliposimama kunywa chai sikuwa nimegundua lolote. Mama aliyekuwa akiuza chai aliinua uso, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, unanuka petroli. Rudi nyuma," kisha akalivuta jiko lake la mkaa upande wa pili kabla sijajibu. Tangu siku hiyo husimamisha pikipiki mita 15 au zaidi kutoka kwenye jiko lolote, upande ambao upepo unatoka jikoni kuja kwangu, na ninapofika mahali huwauliza watu kama nanuka.

Kaskazini na Karamoja, kati ya Desemba na Machi, nyasi huwa kavu na moto wa kuchoma majani ni jambo la kawaida. Ukiona moshi mbele na upepo unauleta barabarani, subiri. Usipite kwenye moto ukiwa na dumu ubavuni, hata kama malori yanapita.

Kwenye kivuko, kama kile cha Laropi kati ya Adjumani na Moyo, au kile cha Bukakata kwenda Luku, mwambie mhudumu mapema kwamba una petroli na umwache akuelekeze mahali pa kusimama. Ukikwama na kulazimika kuipakia pikipiki kwenye basi au lori la abiria, dumu lisipande nayo. Mpe mwenye sheli au mwenye pikipiki mwingine hiyo petroli, uende bila hiyo. Ukilala loji, dumu halilali chumbani nawe. Liache nje, kivulini, mahali penye hewa na mbali na jiko na jenereta, ingawa jawabu bora ni kulala ukiwa umeshalimimina.

Hatua ya sita: mimina mapema

Watu wengi husubiri injini ianze kukohoa ndipo wamimine dumu. Hiyo si busara, kwa sababu injini haichagui mahali pa kukohoa. Inaweza kuzimika usiku, mvuani, katikati ya mto uliokauka. Tangi likishakuwa na nafasi ya lita 4.5, yaani baada ya kilomita 135 hivi kwa hesabu ya pikipiki yangu, tafuta mahali pazuri ulimimine, na kuanzia hapo usafiri na mafuta yako yote ndani ya tangi la chuma, ambalo ndilo chombo bora zaidi kuliko vyote ulivyo navyo.

Mahali pazuri ni pa wazi, pa tambarare, penye upepo kidogo, si mtaroni wala bondeni ambako mvuke utatuama. Zima injini na usubiri robo saa ipoe; wakati huo kula kitu, kunywa maji, mwambie mwenzako asivute sigara. Shusha dumu, liguse kwenye chuma cha pikipiki pamoja na mkono wako, fungua taratibu litoe pumzi, kisha mimina kwa faneli yenye wavu mwembamba ukiwa umesimama upande unaotoka upepo. Acha nafasi ya vidole viwili chini ya mdomo wa tangi. Kama ni usiku na huwezi kungoja, tumia tochi ya kichwani uliyoiwasha kabla ya kufungua kitu chochote; mshumaa, kibatari na kiberiti visiwepo hata mfukoni. Yaliyomwagika yafute, na usipige kiki mpaka yakauke na harufu iondoke.

Usivute petroli kwa mdomo kupitia mpira, jinsi mafundi wengi wanavyofanya. Kiasi kidogo kikipotea njia na kuingia mapafuni kinaweza kuleta ugonjwa mkali wa mapafu. Pampu ndogo ya mkono ya kufinya inauzwa kwenye maduka ya vipuri na hufanya kazi hiyo bila kumgharimu mtu pumzi.

Dumu tupu

Sasa turudi kwenye ile asilimia. Ndani ya dumu lililojaa, mvuke ulio juu ya petroli huwa mzito mno kuweza kuwaka humo ndani. Dumu lililomiminwa, likiwa na matone machache na hewa nyingi iliyoingia, linaweza kuwa na mchanganyiko ule ule unaolipuka. Ndiyo sababu mafundi wa kuchomelea huumia wanapoziba matundu ya matangi "matupu". Baada ya kumimina, funga kifuniko, rudisha dumu mahali pake na ulitendee kana kwamba limejaa, hadi utakapofika nyumbani na kuliacha wazi nje, kivulini, siku mbili tatu. Usilitupe motoni, usimpe mama wa loji achotee maji, na usimruhusu mtoto alichezee.

Mambo yakiharibika

Beba kizima moto cha unga mkavu cha kilo 1, kifungwe mahali ambapo mkono utakifikia hata pikipiki ikiwa imelala. Moto mdogo wa petroli huzimwa kwa unga huo au kwa mchanga, lakini si kwa maji, kwani mafuta huelea juu yake na kupelekwa mbali zaidi yakiwa yanawaka. Moto ukishalifikia dumu, iache pikipiki. Tarehe 29 Juni 2013, lori la petroli lilipopata ajali Namungoona jijini Kampala, watu walikimbilia kuchota mafuta kwa vyombo, wakiwemo waendesha bodaboda. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Ukilikuta tukio la namna hiyo barabarani, geuza mbali kwanza, kisha upige 999 au 112 ukiwa kwenye usalama.

Nguo zikiloa petroli, zivue kabla ya kukaribia chochote chenye moto, na uoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni. Macho yasuuzwe kwa maji safi kwa robo saa nzima, ukiyafungua kwa vidole. Nguo ikishika moto, mtu alale chini na kubingirika, au afunikwe kwa blanketi la pamba. Baada ya hapo sehemu iliyoungua ipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila kupakwa samli, dawa ya meno wala yai. Aliyemeza petroli asilazimishwe kutapika na asipewe maziwa, kwa sababu kutapika ndiko kunakoipeleka mapafuni. Mpelekeni hospitali hata kama anasema anajisikia vizuri, kwani kikohozi na kukosa pumzi vinaweza kuja saa kadhaa baadaye, na mwelezeni daktari ni petroli, kiasi gani, na saa ngapi aliimeza.